Chumba cha Mama wa Joto

Watu wote waliomfahamu Mama wa Joto walianza kumfahamu wakiwa wamevua saa. Ukifika mlangoni pake, ghorofa ya kwanza juu ya duka langu la vifungo na zipu pale Ngara, alikuangalia mkono kabla ya kukuangalia uso, na ukianza salamu alikukatiza. "Saa, pete, mkufu, simu, coins. Weka kwa hiyo basket, halafu tusalimiane kama watu." Siku yangu ya kwanza nilimwambia kwamba hata askari wa benki wana adabu kumshinda. Akanijibu kwamba askari wa benki hachomi mtu kutoka ndani.

Alikuwa fizio, mtu wa kunyoosha viungo na kurudisha misuli kazini, na jina la Mama wa Joto alipewa na wagonjwa kwa sababu ya mashine yake. Nimeanza na saa kwa kuwa siwezi kuanza na moyo wake, ingawa moyo wake ndio habari yenyewe. Mwanamke huyu, aliyeishi na mashine ile miaka na miaka, alifika mahali akaambiwa achague: moyo wake uendelee kupiga, au yeye aendelee kuingia chumbani mwake. Vyote viwili havikuwezekana. Nitafika huko. Lakini lazima kwanza umwone akiwa kazini, la sivyo utashangaa vipi mtu mwenye akili zake timamu alisitasita mbele ya swali la namna hiyo.

Chumba chenyewe kilitazama barabara, na pazia lilikuwa limeshushwa muda wote. Chini wauza mitumba walikuwa wanaita wateja, mvua ikinyesha walikimbia na nailoni zao huku wakitukanana, na kelele hizo zote zilifika juu zikiwa zimelainika, kana kwamba zinatoka mtaa mwingine. Kitanda kilikuwa cha mbao tupu. Fundi wake alikiunga kwa gundi na vigingi vya mti, kwa amri, bila msumari hata mmoja. Kando yake ndiyo ilisimama mashine, kabati la rangi ya krimu lililozeeka, lenye mikono miwili mirefu na sahani mwishoni mwa kila mkono. Sahani zile hazikuwa na moto. Ukizigusa zilikuwa baridi. Joto lilizaliwa ndani ya nyama ya mtu, katikati ya sahani moja na nyingine, na hadi leo nikilifikiria jambo hilo naona kama naota.

Alinieleza mara moja tu, maana hakupenda kurudia. Mashine ile inatoa mawimbi, alisema, ya ukoo mmoja na yale ya redio na ya simu na ya oveni ya jikoni, na yakipita mwilini yanayatikisa yaliyomo hadi yapate joto. Macho hayayaoni, na ngozi haiwezi kuyasimamisha. "Wewe ni maji mengi na maneno mengi," aliniambia. "Maji nitatikisa mimi. Maneno utatikisa mwenyewe."

Asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, aliwasha mashine akachukua tyubu ya taa iliyokwisha kuungua, ile ndefu nyeupe, akaishika mkononi kama mtu aliyeshika mwiko. Haikuwa na waya wala soketi. Alipoisogeza karibu na sahani, tyubu iliwaka. Iliwaka mwanga mpole, wa samawati kidogo, ukicheza kutoka upande mmoja hadi mwingine, na uso wake wote ukageuka rangi. Kwake hiyo ilikuwa njia ya kuhakikisha kwamba mawimbi yanatoka. Mimi nilikuwa napanda ngazi na kikombe changu cha chai, nikiacha duka na mfanyakazi, kwa ajili ya kuona hilo tu. Nilisimama mlangoni kimya. Kwa mtu mwenye mdomo wangu, hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Urafiki wetu ulianzia kwenye vifungo. Alinunua kwangu vifungo vya plastiki vya gauni za wagonjwa, na kila kimoja alikigonga kwenye jino lake, akasikiliza, ndipo akakiweka kwenye mfuko. Chuma, alisema, hata kikiwa kidogo, hukusanya joto mahali pamoja. Nilimwapia kwamba bidhaa yangu ni plastiki safi. Akaendelea kugonga. Wateja wengine walidhani amepungukiwa, mwanamke mzima mwenye sweta anauma vifungo kwenye kaunta ya watu, nami sikuwasahihisha, kwa sababu ilinifurahisha.

Ndiyo, sweta. Hakuna mtu niliyemjua anayeona baridi kama yule mama. Januari, jua la Nairobi likiwapasua watu vichwa, yeye alikuwa na sweta mbili, ya juu ya kijivu na ya ndani ya zambarau. Alitia joto magoti ya nusu ya Ngara, naye mikono yake ilikuwa baridi ya kukushtua. Na kwa vile hakuvaa saa, alichelewa kila mahali ila kazini. Alichelewa kanisani na kwenye harusi. Mazishi ya kaka yake kule Mwingi alifika watu wakiwa wanakula, akawakaripia kwa kuharakisha.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi mkali, na hasira zake zilikuja haraka zikaondoka polepole. Lakini hasira zake nyingi zilikuwa na mzizi mmoja: hakuvumilia mtu anayedanganya kuhusu anachokisikia mwilini. Kabla hajawasha mashine alijaza maji chupa mbili nyembamba za kioo, moja maji ya moto, nyingine ya baridi, akakufumbisha macho na kukugusa nazo. "Hii? Na hii?" Asiyeweza kutofautisha hakupanda kitandani, basi. Ngozi isiyojua moto haiwezi kukulilia ikiungua, na mashine inaunguza pale ambapo jicho halifiki.

Alikuja mama mmoja ambaye sukari ilikuwa imemla hisia za nyayo. Alikuwa ametoka mbali, amefunga safari kwa ajili ya joto hilo alilosifiwa. Alishindwa mara ya kwanza, akaomba ajaribu tena, akashindwa, kisha akaanza kubahatisha, moto, baridi, baridi, moto, mpaka akaangua kilio. Mama wa Joto alimfokea kwanza. Alimwambia hapa si mahali pa kubahatisha. Halafu akaketi sakafuni na sweta zake mbili, akaichukua miguu ya yule mama mapajani pake, akaikanda kwa mikono yake ya baridi hadi zamu ikaisha na wagonjwa wengine wakaanza kunung'unika koridoni. Mimi niliyaona hayo kwa macho yangu.

Sheria yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa kwamba usilale. Joto lile likishakuingia, si joto la moto wala la jua. Linapanda taratibu kutoka mahali usipopajua ndani yako, na kila kitu kinalegea, na kope zinakuwa nzito. Kila mtu alitaka kulala. Yeye aliwakatalia. "Ukilala nazima. Nani ataniambia ikizidi?" Kwa hiyo alikuongelesha. Kwa kuwa usingizi ulikuwa karibu sana, watu waliongea maneno ya ajabu, nusu ndoto nusu habari za nyumbani, na yeye akawa anasukuma tu: "Endelea. Halafu?"

Mimi nililetwa kitandani na bega la kulia, lililokuwa limeganda kiasi cha kushindwa kufikisha mkono kwenye rafu ya juu ya duka langu mwenyewe. Nikiwa pale nilimsimulia jiko la mama yangu Kitui, ndengu zikichemka, na mvua ya kwanza ikigonga bati kwa nguvu hata hatusikizani. Sikuwa nimelikumbuka jiko lile tangu lilipobomolewa. Nilimwambia namuona mama amenipa kisogo, anakoroga, na kwamba akigeuka nitamuuliza jambo. "Jambo gani?" akauliza. Nikasema sijui bado. "Sawa. Joto?" Zuri. "Endelea."

Hivyo ndivyo alivyokuwa anajua siri za mtaa mzima: nani alimpenda shemeji yake, na fundi gani wa viatu alitaka kuwa padri. Hakumwambia mtu. Adhabu pekee aliyotoa ilikuwa kumtazama mhusika kwenye ngazi kwa sekunde mbili zaidi ya kawaida.

Watu walimuuliza maswali ya kila aina kuhusu mawimbi. Simu inaoza ubongo? Router inaharibu mimba? Wanaume wanaoweka simu mfukoni watapata watoto? Alikuwa na jibu moja lililowaudhi wote. "Joto najua. Hayo mengine sijui." Ukimsukuma, alieleza kile anachokijua vizuri sana. Katika mafunzo alitumia mashine nyingine, ya mawimbi yale yale ya oveni, na humo waliwavalisha wagonjwa miwani maalumu, maana jicho halina damu ya kutosha ya kulipooza. Wajawazito hakuwaruhusu kuvuka kizingiti mashine ikiwaka. Lakini ukitaka akuapie kwamba simu yako inakuua, au kwamba haitakuua kamwe, alikuambia ukamtafute mtu mwingine, wako wengi.

Jibu hilo karibu limharibie jina nyumbani kwake Kinoo. Kampuni moja ilitaka kusimamisha mnara wa simu kwenye ploti ya jirani yake, na wakazi wakaitisha mkutano katika hema la kanisa. Upande mmoja walikuwa wazazi waliosema mnara utapika watoto wao, na upande wa pili mwenye ploti na ndugu zake waliotaka mnara haraka. Wote walimsubiri yeye, mtaalamu wao. Nilimpeleka kwa gari langu, na kama kawaida tulichelewa.

Alisimama na sweta zake. Akasema kwamba mawimbi ya mnara yakifika kitandani kwako, joto lake ni dogo kuliko la hiyo chai umeshika. "Hiyo najua, naweza kuapa. Kama kuna kitu ingine mbali na joto, watu wanatafuta bado. Sijui."

"Mama, tumekungoja two hours utuambie hujui?" akapiga kelele baba mmoja.

"Ndiyo."

"Sasa uko side gani?"

"Side ya wale hawajui bado. Huku kuna nafasi kubwa, karibu."

Hakuna aliyepiga makofi. Wazazi walisema amehongwa, na mwenye ploti akasema ameleta wasiwasi bure. Mnara ulisimama. Wiki chache baadaye nilimpeleka nyumbani nikakuta amehamisha kitanda chake kutoka chumba cha upande wa mnara hadi chumba cha nyuma, kile kidogo chenye magunia ya mahindi. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Si ulisema joto lake ni dogo kuliko la chai? Hakuona haya hata kidogo. "Nilisema pia sijui. Mtu hajui anaruhusiwa kuhamisha kitanda."

Na jikoni mwake hamkuwa na oveni ya mawimbi. Binti yake, wakili anayeishi Spring Valley, alimletea mpya, nzuri, ikakaa ndani ya katoni na juu yake maua ya plastiki. Nilipomuuliza, alisema hawezi kutia joto kitu kisichoweza kuongea. "Mbuzi itaniambia aje, basi, hapo inachoma?"

Sasa nije kwa Kantibhai, kwa kuwa bila yeye hii habari ya moyo haieleweki. Kantibhai ni mzee wa Kigujarati mwenye duka la viungo vya chakula mtaa wa pili, binadamu mpole ambaye magoti yake yalikuwa mgonjwa wa kwanza wa Mama wa Joto kila Jumanne. Alimletea chevda, ule mchanganyiko mkavu wa karanga na pilipili, kwenye karatasi, na wao wawili walikula na kugombana juu ya siasa kabla ya kazi kuanza. Alipenda joto lile kupita sisi wote. Alisema likimwingia anamwona babake kwenye stesheni ya reli, kijana, akiwa na tarumbeta ya harusi.

Kantibhai akapotea kwa muda, akasema alikwenda kumwona dada yake. Aliporudi, alivua saa na pete bila kuambiwa, akakunja suruali, akapanda kitandani. Mama wa Joto akamuuliza maswali yake yale yale. Una chuma mwilini? Hapana. Umefanyiwa operesheni? Hapana. Una betri ya moyo? "Hapana, Mama, washa, goti inalia."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi. Ndipo akatazama ile basket. Simu ya Kantibhai siku zote ilitoka kwenye mfuko wa shati, kifuani kushoto. Siku hiyo alikuwa ameitoa kwenye mfuko wa suruali. Wenye betri ya moyo, kile kifaa kinachopachikwa chini ya ngozi kuusukuma moyo upige, hukatazwa kuweka simu kifuani, na yeye alilijua hilo.

"Kantibhai. Fungua shati."

Mzee akaanza kulia kabla hajagusa kifungo. Chini ya bega la kushoto palikuwa na uvimbe mdogo wa mstatili na kovu bichi. Mawimbi ya mashine ile yanaweza kuichanganya betri kama hiyo, au kuzipasha moto nyaya zake ndani kabisa ya moyo, na mtu akafa akiwa amelazwa pale anaongea juu ya tarumbeta. Nilikuwa koridoni na mfuko wa vifungo, nikasikia sauti ya Mama wa Joto ikipanda kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Unataka nikuue? Na mikono yangu?"

"Nilijua utanikataza," Kantibhai akasema. "Mama, nilijua utanikataza."

Alimkataza. Tangu siku hiyo Kantibhai hakuruhusiwa kuvuka mlango mashine ikiwaka. Alipewa taulo za maji ya moto chini, dukani kwangu, kwenye kiti changu, kama mfalme aliyepinduliwa. Mama wa Joto alimshukia na hizo taulo mwenyewe. Lakini alipopanda tena nilimwona akitulia kwenye ngazi, mkono ukutani. Nilidhani ni hasira. Aliniambia ngazi zimerefuka siku hizi.

Ngazi ni zile zile. Nilianza kumwona akisimama katikati ya sentensi, macho wazi, kisha anarudi na kuendelea na neno lililofuata, na wewe unabaki ukijiuliza kama ni wewe uliyesinzia. Kwa vile alikuwa mtu wa ndoto za wengine, tulilichukulia kuwa ni tabia yake tu. Tulikosea sana.

Bega langu lilirudi kusumbua. Nilikuwa kitandani, joto limenifika vizuri, nasimulia nisichokumbuka sasa, nikapata hisia kwamba kuna kitu kimekosekana. Hakuna aliyesema "Endelea." Hakuna aliyeuliza joto. Na joto lilikuwa linazidi. Nikafungua macho. Alikuwa ameegemea ukuta, rangi imemtoka, ananitazama bila kuniona. Nilipiga kelele za aibu kwa mtu wa umri wangu. Achieng, fizio kijana aliyekuwa akifanya kazi naye chumba cha pili, aliingia mbio, akazima mashine kwanza, ndipo akamdaka. Ndivyo alivyofunzwa.

"Ulikuwa unasema?" Mama wa Joto akaniuliza, akiwa mikononi mwa Achieng.

Hospitalini walisema moyo wake unapiga polepole mno na wakati mwingine unasahau kabisa. Dawa yake ilikuwa moja, betri kama ya Kantibhai. Binti yake aliniambia kwamba swali la kwanza la mamake kwa daktari lilikuwa, "Na chumba changu?" Daktari hakuelewa. Alipoelezwa kuhusu mashine, akasema basi, humo mama huingii tena ikiwa imewashwa.

Akakataa betri.

Ilikuwa miezi migumu. Aliendelea kuja kazini, na Achieng akaendesha mashine huku yeye akikaa kando kwenye stuli ya mbao, akiongelesha wagonjwa, ila saa ya lunch alishika swichi mwenyewe. Kila simu ikilia nilidhani ni ile habari. Nilimpenda yule mama, acha niseme wazi, na sikuwa tayari kumzika kwa ajili ya kabati la rangi ya krimu. Nilipanda nikamwambia hivyo hivyo.

"Utakufa," nikasema. "Unaelewa hiyo? Utakufa, na hii mashine hata haitajua."

"Na nikiwekwa hiyo kitu nitafanya nini, Mzee wa Vifungo? Nikae Spring Valley niangalie watu wakimwagilia maua?"

"Ndiyo! Angalia maua! Watu wanaangalia!"

"Wewe ungeacha duka?"

Nilisema ningeacha hata kesho. Alicheka, kwa sababu ananijua. Kantibhai naye alimtumia ujumbe kwamba koridoni si kubaya, kuna kiti, watakuwa wawili. Aliyemnyamazisha ni Achieng, msichana asiyependa maneno. Siku moja, wakikunja taulo, alimwuliza tu: "Madam, ukianguka tena na mgonjwa ako kwa machine, na mimi niko lunch, nani atazima?"

Mama wa Joto alizikunja taulo zilizobaki zote peke yake. Baada ya muda mfupi hatukumwona tena, tukasikia amelazwa, tukasikia amewekewa betri, tukasikia yuko kwa binti yake Spring Valley anapata nafuu. Ngara nzima ilikubaliana juu ya maana yake: Mama wa Joto alitoa chumba chake kwa ajili ya wagonjwa. Nililisema mwenyewe kwa wateja, kwa majivuno, mara nyingi. Kantibhai aliongeza kwamba hata watakatifu hawajafanya hivyo, na mimi sikumpinga.

Mwaka huu, mvua ndefu zikiwa zinaelekea kuisha, alitokea dukani kwangu bila taarifa. Alikuwa amenenepa kidogo. Sweta ilikuwa moja. Tulishikana mikono kwa muda mrefu, kisha akasema anataka kupanda juu.

"Machine inawaka," nikamwambia. "Achieng ana mgonjwa."

"Najua. Siendi kwa mlango. Nataka tu kupanda kidogo."

Tulipanda pamoja, mimi nyuma yake. Alisimama pale ngazi zinapokata kona, mbali na mlango, akasikiliza. Juu yetu kulikuwa na sauti ya mtu akisimulia, taratibu, imejaa usingizi, na sauti ya Achieng ikiuliza mara moja moja. Hatukusikia maneno. Tulikaa kwenye ngazi kama watoto wanaosikiliza wageni sebuleni, na sijui ni kwa muda gani, kwa sababu sikutaka uishe.

Mlango ukafunguka. Akashuka kijana mmoja, mgonjwa mpya, macho yamelegea, anafunga mkanda. Akatuona.

"Panda tu, mama. Hakuna line saa hii."

"Mimi siruhusiwi huko," akasema.

"Kwa nini? Unaogopa? Haichomi, walai."

Akashuka zake, akatokea barabarani kwenye mwanga. Nilitarajia alie. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumfariji, juu ya wagonjwa wote aliowaokoa kwa kuacha kazi aliyoipenda, nikayaanza. Akanigusa goti ninyamaze.

"Achana na hiyo. Si kwa sababu ya wagonjwa."

Nikamtazama.

"Watu wananiambia hivyo, mpaka pastor. Achieng aliniuliza swali, ni kweli, na nilijua ako right. Lakini nilikuwa bado nakataa. Nilikuwa nimeamua nitaacha kazi na pia nikatae betri, nife na yote pamoja. Halafu nikaanguka jikoni, Kinoo. Vitunguu viko kwa moto. Niko chini, siwezi kuinua kichwa, nasikia vinaanza kuungua, na watoto wa jirani wanacheza nje wanacheka." Alifuta kiganja kwenye sweta. "Sikufikiria mashine. Hata kidogo. Sikufikiria mgonjwa hata mmoja. Nilikuwa nasema tu, si sasa, tafadhali, si sasa. Niliogopa kufa kama mtu yeyote. Maisha yangu yote nilidhani hiyo chumba ndiyo mimi, na hapo chini haikuja hata akilini."

Juu, tulisikia Achieng akiburuta stuli ya mbao.

"Unaona aibu?" nikamuuliza.

"Niliona. Nimekuja leo nione kama bado iko." Alishika reli akainuka, akasimama sawasawa, akavuta pumzi. "Wacha tushuke. Nasikia njaa, Mzee wa Vifungo. Siku hizi nasikia njaa kila saa."